Chai kwanza, rimu baadaye

Saa mbili asubuhi, Alhamisi, mtaa wa magereji wa Bayader, Amman. Milango ya chuma inapandishwa kwa kishindo, na Mufleh Hawamde tayari amepiga goti mbele ya gari jekundu la spoti, la milango miwili. Hajagusa spana wala jeki. Mkononi ameshika bilauri ya chai ya nanaa, haina kisahani, imejazwa hadi ukingoni.

"Washa gari, unipeleke kwenu," anamwambia mwenye gari.

"Kwetu? Ami, nimekuja kutafuta rimu. Mchumba ninaye tayari."

Kicheko kinalipuka duka la betri ng'ambo ya barabara. "Mpeleke tu, kijana!" mmoja anapaza sauti. "Abu Rakan hafungi tairi mpaka akanywe chai kwa mama yako!"

Abu Rakan ndilo jina lake la kazini, nyumbani na msikitini. Ana umri wa miaka 54, na 23 kati ya hiyo ameimaliza katika duka hilihili akifunga matairi. Kwa hesabu yake ya haraka, magurudumu yaliyopita mikononi mwake yamevuka laki moja. Laki moja! Na mtu huyo, mpaka asubuhi ile, hakuwa akimiliki hata jeki moja. Anapokea dinari 380 kwa mwezi, 170 zinakwenda kwenye kodi ya nyumba, na mgongo ni wa kwake mwenyewe.

Mwenye gari ni Yanal, mfamasia wa miaka 29 wa kitongoji cha Wadi Sir, Mserkasi, wa jamii iliyohamia kutoka Kaukazi. Amejinyima miaka sita kulinunua gari hilo likiwa limetumika. Ijumaa ya wiki inayofuata anaoa, na gari hilo litaongoza msafara wa harusi. Anachotaka anakijua, kwani kimewekwa dirishani mwa duka kwa mwaka wa pili sasa: rimu nne za inchi ishirini, nyeusi, kingo zake zinang'aa kama sinia la sherehe.

Bei yake ni dinari 1,150, yaani mshahara wa Abu Rakan wa miezi mitatu.

Mwenye duka, Abu Fares, naye anataka ziondoke. Asubuhi hiyo, kabla Yanal hajafika, alimvuta Abu Rakan kando na kumwonyesha ufunguo. Ulikuwa wa mlango wa pili, kile chumba kitupu kilichoshikana na duka, ambacho Abu Rakan amekiomba kwa miaka kumi na moja ili awe na kibanda chake mwenyewe cha kupima na kubalansi magurudumu.

"Mfungie kijana rimu zile leo," alimwambia, "na jioni ufunguo huu unalala mfukoni mwako."

Miaka kumi na moja ya "kesho, inshallah". Mara chumba kinapakwa rangi, mara shemeji wa Abu Fares anakihitaji, mara tusubiri mwaka uishe. Ikaisha kumi na moja. Kisha siku moja ahadi inatolewa kabatini, nayo ina bei: mdanganye mteja mmoja tu.

Ndiyo maana asubuhi hiyo bilauri ilijazwa kuliko kawaida.

Namba tatu ubavuni

Njiani Abu Rakan anaweka bilauri juu ya goti, juu ya kitambaa, na anazungumza bila kuiondolea macho: kinachomwagika ndicho kipimo chake cha njia. Kila tairi, anasema, limeandikwa namba tatu ubavuni. Matairi ya nyuma ya Yanal yameandikwa 245, 40 na 18. Ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ukuta wa tairi, yaani asilimia arobaini ya upana huo. Ya tatu ni inchi za rimu.

"Watu huja wameishika ile ya mwisho tu," anasema. "Wanashindana: kumi na tisa, ishirini, ishirini na moja. Kama wanapandisha bei ya mbuzi sokoni. Hakuna anayeuliza ile ya katikati, na ile ya katikati ndiyo inayokubeba."

"Lakini ami, gari la spoti lenye rimu ndogo ni kama bwana harusi aliyevaa viatu vya shule."

"Angalia mbele. Tuta."

Tuta la kwanza limechorwa rangi, wanalivuka salama. La pili pia. La tatu halina rangi wala kibao, na chai inaruka na kumlowesha Abu Rakan suruali. Anatikisa kichwa mara moja tu, kama hakimu aliyepokea ushahidi.

Wageni wa mji huu hudhani matuta yote ni ya serikali. Mengi ni ya watu. Mtaa ukichoka kuandika barua, unanunua saruji. Waliolipwa kuijenga barabara hii walikwisha kwenda zao na fedha zao, na mashimo waliyoacha yana umri wa kuanza shule.

Kanuni ya chai ina asili yake, na Abu Rakan huisimulia bila kujificha. Miaka kumi na minne iliyopita shemeji yake, ndugu wa mkewe, alioa. Abu Rakan, kwa kutaka sifa, alimfungia gari la kukodi rimu kubwa na matairi yenye ukuta mwembamba kama mkanda. Msafara ulipofika tuta lisilo na alama, rimu ya mbele ilipasuka. Hakuna aliyeumia. Bibi harusi alimalizia safari kwa miguu, gauni mkono mmoja na viatu mkono wa pili, huku wanaume arobaini wakimtazama Abu Rakan badala ya kumtazama yeye.

"Miaka miwili," anasema, akiinua vidole viwili. "Miaka miwili mama mkwe alikuwa akiligeuza sinia la mansafu ili upande wangu uwe wali mtupu. Nyama naiona kule, naisalimia kwa mbali."

Yanal anacheka hadi anachelewa kukanyaga breki. Tuta la nne linawapokea kwa hasira.

"Umeona?" anasema Abu Rakan, akijipangusa. "Tangu siku ile nilisema sifungi tairi kabla sijaiona njia ya mtu kwenda kwake. Anayechagua tairi kwa kutazama kioo cha duka anamchagulia mpita njia. Mimi namchagulia anayerudi nyumbani."

Mifuko minne ya saruji

Tuta la saba liko mbele kabisa ya nyumba ya akina Yanal, kwenye mteremko, nalo si tuta, ni kizingiti cha ngome. Yanal analivuka kwa mshazari, polepole kama anayevuka na mayai kichwani. Hata hivyo tumbo la gari linakwaruza, na chai inamwagikia kiti.

Mlango wa chuma wenye kutu chini ya nyumba unafunguliwa. Anatoka Bibi Janset, miaka 78, bibi mzaa baba wa Yanal, na bakuli la chakula cha kuku. Chumba hicho kilikuwa karakana ya useremala ya marehemu mumewe. Sasa wanalala kuku sita.

"Nani amemwaga chai kwenye gari la mwanangu?"

"Tuta lako, hajati," anajibu Abu Rakan.

"Tuta langu halimwagi chai. Mwendo wenu ndio unaomwaga."

Ni lake kweli. Alilijenga yeye. Mtoto wa jirani alivunjwa mguu na gari hapo mlangoni, na Bibi Janset akaandika barua tatu kwa wakubwa wanaohusika. Nakala anazo, na tarehe anazitaja bila kutazama karatasi. Hakuna iliyojibiwa. Akanunua mifuko minne ya saruji, akawaita vijana wawili, akasimama juu yao na fimbo mpaka kazi ikaisha. Tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyegongwa. Wale wakubwa, ambao hawakupata nafasi ya kujibu barua, walipata nafasi ya kumpelekea onyo.

"Bibi," Yanal anajaribu, "Ijumaa ya harusi msafara unapita hapa. Tulipunguze kidogo. Vidole viwili tu."

"Likipunguzwa, nipunguzwe na mimi."

Abu Rakan anachuchumaa penye gurudumu la nyuma na kutoa futi mfukoni. Ukuta wa tairi, pale usipobonyea: karibu sentimita kumi. Anamwonyesha Yanal kwa ukucha. Gurudumu zima lazima libaki na kimo kilekile, anaeleza, la sivyo saa ya mwendo itadanganya na tairi litasugua fenda. Kwa hiyo rimu ikipanda hadi inchi ishirini, ukuta hauna budi kushuka. Zitabaki sentimita saba na kidogo.

"Hizo mbili na nusu zinazopotea zina kazi gani?" Yanal anauliza.

Abu Rakan anainua bilauri. Imebaki nusu.

"Ndizo zilizobakiza hii."

Kuku mmoja anatoka kulitazama gari.

"Na kwenda chini, kumi na saba?"

"Breki zako za mbele ni kubwa, hazitaingia, nimepima pale dukani. Baki na kumi na nane ulizo nazo, ni nyepesi na ni nzima. Ila matairi yatupe." Anamwonyesha namba nne ndogo: 3117. Wiki ya thelathini na moja, mwaka 2017. "Kashata, haya meno ya tairi, zinakudanganya, zinaonekana mpya. Mpira umekauka. Likinyesha kwenye mteremko huu, utateleza mpaka sebuleni kwa mkweo."

"Marafiki zangu watanicheka, ami."

"Waache wacheke. Siku moja watakuwa wamesimama kando ya njia wakibadilisha gurudumu, nawe utawapigia honi."

Bibi Janset anamgeukia fundi. "Wewe," anasema, "duka ni lako?"

"La tajiri, hajati."

"Na tajiri anauza rimu kubwa?"

"Anauza."

"Halafu umekuja huku kumzuia mteja asinunue. Una wazimu." Anamrudisha kuku ndani kwa mguu. "Ingieni. Hiyo chai ni aibu, imepoa."

Ufunguo unarudi mfukoni

Mchana, Abu Fares anamsubiri mlangoni.

"Umeuza nini?"

"Matairi manne mapya. Saizi ileile."

"Na rimu?"

"Zinang'aa palepale."

Abu Fares anatoa ufunguo, anauzungusha kwenye kidole, anaurudisha mfuko wa shati. "Basi na huu ung'ae palepale."

Abu Rakan alifunga matairi ya Yanal, akayabalansi, akakaza nati kwa mkono wake, kila moja mara mbili. "Nilihuzunika mpaka swala ya alasiri," anasema. "Baada ya hapo njaa ikaja, na njaa na huzuni havikai chumba kimoja." Mkewe alipika dengu jioni ile. Abu Rakan alipomsimulia, mke alimjazia bakuli la pili bila kumuuliza.

Ijumaa ya harusi, gari jekundu lilivuka tuta la saba likiwa na bwana na bibi harusi, magari ishirini na tano nyuma yake. Bibi Janset alikuwa amekaa kitini palepale ukingoni, akitazama magurudumu. Nyuma ya maharusi, gari la rafiki mmoja, lenye rimu za kujionyesha, lilitoa mlio wa sufuria iliyoanguka. Msafara wote ulisikia. Gauni la bibi harusi halikugusa barabara.

Jumamosi asubuhi simu ya Abu Rakan iliita.

"Fundi wa chai," Bibi Janset alisema, hakusalimu. "Jana nilikuwa nahesabu. Kila gari linasimama hapa kwangu, lipende lisipende. Na wewe uliniambia kwenye chai kwamba unatafuta mlango wa duka. Kuku nitawahamisha."

Walikubaliana dinari 70 kwa mwezi, mitatu ya kwanza bure, na sharti moja: tuta lisiguswe.

Abu Rakan amekwisha kumuaga tajiri wake, kwa adabu, akimpa mwezi mmoja atafute mtu. Rimu za inchi ishirini zingali dirishani. Mashine ya kubalansi, iliyotumika, ameipata mjini Zarqa, na theluthi mbili ya bei anayo tayari. Anatarajia kufungua baada ya sikukuu. Yanal amejitolea kupaka rangi mlango, na kibao kitaandikwa maneno mawili tu: Chai kwanza.

Siku hizi, kila Ijumaa baada ya swala, utamkuta ameketi mbele ya ule mlango wa chuma, bilauri mkononi, kuku wakimzunguka. Anahesabu. Wiki iliyopita, katika saa mbili, yalipita magari mia mbili na kumi na sita, na hakuna hata moja ambalo halikupunguza mwendo.

"Mifuko minne ya saruji," anasema, akimtazama mtoto anayevuka barabara na mkate. "Hajati ametulindia watoto, na mimi amenitengenezea wateja. Miaka yote hii hakuna aliyempa ahsante. Nitaanza mimi: tuta hili nitalichora rangi."