Siku Niliyomtafsiria Nesi Makambini

Siku ile ya makambi karibu na Sironga naikumbuka vizuri, mwanangu, na kila nikiikumbuka najikasirikia upya. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Kiingereza nilikuwa nimekipasi kuliko wenzangu wote, na kijiji kizima kilijua hivyo, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyezunguka nikitangaza.

Nakwambia haya kwa sababu mmenichosha, ninyi vijana mliosoma. Juzi nimemwona mmoja wenu akimsomea shangazi yake karatasi iliyotoka ndani ya pakiti ya dawa. Anafika kwenye mstari mgumu, anakohoa, anauruka, halafu anasema, "Ni hayo tu, shangazi." Ni hayo tu! Karatasi imejaa maandishi pande zote mbili, yeye amesema maneno manne. Na kuuliza hataki, eti ataonekanaje?

Basi sikiliza. Kila Agosti, Waadventista wa kwetu hukusanyika wiki nzima kwenye mahema, wakahubiriwa na kufundishwa mambo ya afya. Mgeni akija anayesema Kiingereza, mtu husimama kando yake akageuza kila sentensi iwe Ekegusii. Kwetu mkalimani si mtu mdogo. Watu hawamtazami hata mgeni, wanakutazama wewe. Mwaka ule mzee wa kanisa, Mzee Ombati, alinichagua mimi. Nikaazima koti la mjomba, mikono yake ikanifunika mpaka vidole, nikasimama kando ya nesi mmoja mgeni aliyekuja kuwafundisha kina mama namna ya kumtunza mtoto anayeharisha.

Kiingereza nacho, mwanangu, ni lugha ya uchokozi. Unga na ua wanavitamka vilevile. Nyama na kukutana, vilevile. Na kwa masikio yetu ya Kigusii hata kondoo na meli ni neno moja, kuondoka na kuishi ni neno moja. Darasani haikunisumbua, maana mwalimu aliandika ubaoni nikaona kwa macho. Pale hemani hapakuwa na ubao. Nesi alizungumza mbio, tena puani, na baada ya muda maneno yakaanza kuniingiliana. Nikashika neno la mtoto, nikashika neno la maji, katikati yake sikushika kitu.

Akanyamaza kunisubiri. Ningeweza kumwomba arudie. Ni sentensi fupi, niliijua tangu darasa la nne! Lakini wanawake wote walikuwa wananitazama, na mbele kabisa ameketi dada yangu mkubwa, Kwamboka, aliyekuja kutoka Itumbe alikoolewa, amempakata mwanawe aliyekuwa akiharisha siku ya pili. Nishindwe mbele ya dada yangu? Nikaliziba pengo kwa yale niliyoyasikia nyumbani tangu utotoni. "Anasema mtoto akiharisha msimpe maji. Maji yanaongeza kuhara. Hata kunyonya, mmpunguzie." Nikayasema kwa sauti ya mtu anayejua. Kina mama wakatikisa vichwa kukubali, na nesi akafurahi kwamba ameeleweka, akaendelea.

Kesho yake asubuhi nesi alipita kwenye mahema akamwona yule mtoto. Macho yamezama, midomo imekauka, analia bila machozi. Akaniita mbio.

"Muulize mama yake amempa nini tangu jana."

Nikamuuliza.

"Sijampa kitu," Kwamboka akasema. "Si mlitukataza? Amelilia maji sana, nikajikaza tu."

Nesi akashika kichwa. "Muulize nani alimwambia hivyo."

Kwamboka akanishangaa, maana nilikuwa nimesimama palepale. "Si umwambie ni wewe?" akasema. "Mwambie ni ndugu yangu, yule aliyesoma."

Mwanangu, sijawahi kutafsiri sentensi ngumu kama hiyo, na kila neno lake nililijua. Nikaisema. Nesi hakunifokea. Alipiga magoti, akakoroga maji safi na sukari na chumvi kidogo, akamnywesha mtoto kijiko kimoja kimoja, mpaka ikapatikana pikapu ya muumini mmoja ya kuwapeleka hospitalini Nyamira.

Mzee Ombati ndiye aliyenifokea. "Wewe omomura," aliniambia, na kwetu hivyo ndivyo anavyoitwa kijana wa kiume aliyekwisha kuwa mtu mzima, kwa hiyo hata jina lenyewe lilikuwa kemeo. "Nani alikutuma uwe nesi? Sisi tulikutuma useme alichosema. Kama hukusikia, si ungesema hukusikia? Nani angekupiga? Vua hilo koti, uende pale mbele uwaambie watu ulichofanya."

Nikaenda. Nikawaambia kina mama kwamba maneno ya jana hayakuwa ya nesi, yalikuwa yangu, na kwamba mtoto anayeharisha anatakiwa kunyweshwa na kunyonyeshwa zaidi. Wengine waliguna. Wengine waliinuka papo hapo wakakimbilia watoto wao. Lakini walikuwako waliorudi makwao jana yake jioni, vijiji ambavyo hata sikuvijua, wakaenda na maneno yangu. Mtoto wa Kwamboka alipona. Hao wengine sijui. Nimezeeka, mwanangu, na mpaka leo sijui.

Kwa hiyo acheni mchezo. Mtu asiyejua lugha akikuomba umsomee au umtafsirie, hana namna ya kukukagua. Utakalosema ndilo atakalolifanya, na atalifanya kwa mwili wake au wa mtoto wake. Ukifika mahali hujaelewa, simama hapo hapo useme, "Hapa sijaelewa, ngoja niulize." Uliza mara ya pili, uliza mara ya tatu, wakucheke wanaotaka kucheka. Usiliruke neno, na usiweke lako mahali pake.

Mungu akujalie elimu kuliko niliyoipata mimi, na akupe moyo wa kusema hujui mbele ya watu. Wanaokuamini wasidhurike kwa sababu ya mdomo wako. Nami nisije nikasikia siku moja kwamba kuna mama aliyejikaza kwa ajili ya neno lako.