Magoti Yangu Mbele ya Mwalimu Mkuu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipiga magoti. Kwetu Masaka, Uganda, mwanamke akimwamkia mkubwa hupiga magoti, nami nilifunzwa nikafunzika. Mwalimu mkuu wa shule ya wasichana ya Malindi, mzee wa Kiislamu mzaliwa wa Mambrui, akaruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Inuka, mwalimu," akasema. "Hapa twamsujudia Mungu peke yake."

Hakusema kwa ubaya, lakini nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, wanangu. Vita vilikuwa vimetutawanya walimu wa Uganda, na shule za pwani zilikuwa na kiu ya walimu wa hesabu. Nilipewa kazi ya mkataba, yaani muda ukiisha wanakufikiria upya, na wasipokutaka unafunga virago. Azimio langu la kazi, ndio ule mpango wa masomo ya muhula mzima, mkaguzi wa shule alilisifu. Hesabu haikunitisha hata kidogo. Kilichonitisha ni salamu.

Maana sasa nimekatazwa magoti, nifanyeje? Kumsalimu mzee nimesimama wima niliona ni utovu wa adabu. Nikitoa mkono, baadhi ya wanaume hawapokei mkono wa mwanamke. Na Kiswahili chenyewe, kule kwetu nilikisikia vinywani mwa askari kwenye vizuizi vya barabarani. Mtu akinisemesha ghafla, moyo ulinienda mbio. Basi nikaona heri ninyamaze, nikawa napita mitaani kichwa chini kama aliyepoteza sindano.

Kumbe najiponza! Malindi hiyo, wapite watu barazani bila kuwaamkia uone. Zikavuma habari kwamba mwalimu wa Uganda ana maringo. Bi Zuhura, mwenyekiti wa wazazi, akalivalia njuga jambo hilo: mkataba wangu ukiisha, niende zangu. Nami nina mama na wadogo zangu kule nyuma, wanaokula kwa mshahara ule. Nililia, sifichi.

Mwalimu mkuu akaniita. Nilimweleza yote, magoti na askari. Akasema kosa ni lake, kwani alinikataza njia yangu asinionyeshe ya kwao. Alasiri ile mkewe akanishika mkono mpaka nyumbani kwa Bi Zuhura, akinifunza njiani: toa shikamoo, inama ubusu mkono wa mzee wa kike, kisha keti, usiwe na haraka.

Mamake Bi Zuhura, ajuza, alikuwa ameketi mkekani. Nikambusu mkono, nikaketi. Akaniuliza kwa utaratibu, "Mamako hajambo?"

Tangu nivuke mpaka hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Machozi yakanibubujika mbele za watu. Nikawaambia sijui kama hajambo, na kwamba nilikuwa nawaogopa wao. Bi Zuhura akatua birika la kahawa, akaketi ubavuni mwangu.

"Kumbe ni hofu, mwanangu," akasema. "Na sisi twadhani ni kiburi."

Mkataba ulipokwisha, yeye ndiye aliyenisemea ufanywe upya.

Baadaye nilihamishiwa Ganze, kwenye shida ya maji na watoto waliofika darasani wamechoka kwa mwendo, kisha Takaungu. Kila kituo, kabla sijashika chaki, nilitafuta mwenyeji nikamwomba anifunze watu wa pale huamkiana vipi. Nanyi vijana mnaokwenda kufundisha ugenini, kuuliza si ujinga. Hofu ukiifungia chumbani hunenepa, na wenyeji hawaijui ila umewaambia. Nashukuru mwalimu mkuu aliniita mapema nikasema yangu.

Mwishowe nilirudishwa Malindi, nikastaafu huko. Amani ilikuwa imerudi Masaka kitambo, basi nikafunga mizigo, nikaenda kumuaga Bi Zuhura, ambaye naye sasa alikuwa mkongwe. Nikamwambia narudi nyumbani. Akanikazia macho kama niliyesema upuuzi.

"Nenda kwenu ukawasalimie," akasema. "Kisha urudi nyumbani."

Nilikwenda, nikawasalimia, nikarudi.