Kiti cha Kaka Kwenye Pikapu

Mimi si fundi wa magari. Nafua mashuka kwenye hoteli moja ya watalii karibu na geti la Ikoma, na masika ikishika, watalii wakiadimika, wanafunga na sisi tunarudi makwetu. Wenzangu hurudi kulima. Mimi nilikuwa narudi Tarime kwa mama, kulinda pikapu isioze.

Na nilikuwa nachukia, niseme wazi. Ukimkuta mwanamke amelala chali kwenye matope chini ya gari lisilokwenda popote, anapaka chasisi oili chafu kwa brashi ya chokaa, na mbuzi wa jirani wamepanda juu ya boneti wanamwangalia, mwonee huruma. Mbuzi wale niliwatupia mawe kila mwaka na kila mwaka walirudi.

Pikapu ilikuwa ya kaka yangu. Aliiegesha kando ya nyumba ya mama siku ya mvua, akasema anakwenda machimboni na wenzake, atarudi mvua zikikatika. Akaniachia maagizo: tairi zikae juu ya mbao, zisikae kwenye udongo. Betri nitoe niweke ndani. Ekzosi niizibe kwa tambara, panya wasifanye makao. Turubai nilijengee miti, nisililaze juu ya bati, litafuga maji. Na handibreki nisivute, niweke jiwe nyuma ya tairi, kwa sababu ukivuta ukaacha masika nzima breki zinashikana huko ndani.

"Ebo! Kopo lenyewe hilo," nikamwambia, "unaliusia kama mtoto mchanga?"

Akacheka. Alikuwa bado amekaa kwenye usukani, mikono imejaa oili, vioo vimepanda ukungu. Akabandika kiganja kwenye kioo cha mbele, kwa ndani, kunitania, kama mtu aliyefungiwa. Halafu akashuka, akanipa funguo, akaenda.

Huko machimboni duara likatitia. Shimo lile la dhahabu lililainika kwa mvua, udongo ukashuka na waliokuwa chini. Baadhi walitolewa. Kaka yangu hakuonekana, akiwa hai wala maiti. Mwenzake mmoja alisema alimwona akishuka. Mwingine akaapa kwamba asubuhi ile alikuwa ameshapanda gari la Sirari, anavuka kwenda Kenya. Simu yake haikupatikana tena.

Sisi ni Wajaluo. Kwetu mtu akipotea hivyo, mwili usipatikane, wazee wanakata yago, lile tunda refu zito la porini, wanalilaza kwenye jeneza na kulizika kana kwamba ni yeye. Mnalia, mnanyoa, mambo yanakwisha. Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, akaja na wazee kusema habari hiyo.

"Shemeji," akamwambia mama, "kijana anazurura. Tumpe pa kulala."

Mama alikuwa anachambua dagaa. Hakuinua uso. "Pikapu yake inawaka?"

"Pikapu?"

"Nimekuuliza, inawaka?"

Nikarudisha betri, nikapiga funguo. Ikakohoa, ikakohoa tena, kama ilivyozoea, ikawaka. Mama akarudi kwenye dagaa wake. "Basi. Siku akikataa kuwaka, leteni hilo tunda lenu."

Ikawa hivyo. Kila masika ikiisha baba mdogo anakuja, napiga funguo mbele yake, ikiwaka anaondoka. Mimi sikuulizwa kitu. Kaka yangu kuzikwa au kutozikwa kukawa juu ya mikono yangu na kopo la grisi.

Mtaona nimeandika "akikataa". Ndivyo mama alivyosema. Kiswahili chake ni cha kujifunzia gulioni, na tangu tukiwa wadogo tulizoea kumsahihisha na kumcheka. Lakini kwa pikapu ile hakukosea kwa bahati mbaya. Kuku wake walikuwa "hizi", watu walikuwa "yule" na "huyu", na pikapu ikawa huyu. Huyu amelowa. Huyu ana baridi, mfunike.

Mwaka mmoja ilikataa kabisa, nikaita fundi. Akainama, akachungulia, akasema kama mafundi wote wanavyosema: "Mama, hii pampu imekufa."

Mama akatoka jikoni na mwiko. "Nani amekufa? Nani amekuambia amekufa?"

Yule bwana wa watu alikimbia akaacha spana zake. Nilimfuata hadi barabarani kumbembeleza, nikiwa nusu nacheka na nusu nataka kulia. Kuanzia hapo kila fundi nilikuwa namsubiri njiani. "Ukifika sema imelala. Sema imechoka. Sema lolote, lile neno tu usilitamke." Walikuwa wananitazama kama chizi. Lakini walisema, "Pampu imelala, mama," na mama anajibu kwa upole kabisa, "Mwamshe."

Sasa kuhusu kile kiganja.

Masika ile ya kwanza, mchana, mvua ilipiga mpaka hatukusikilizana. Nilitoka kukaza kamba za turubai. Vioo vilikuwa vimepanda ukungu kwa ndani, vyeupe vyote, na kwenye kioo cha mbele kulikuwa na kiganja. Vidole vyote, hata kile cha kaka kilichokatika ncha. Nilipiga ukunga, nasema kweli, nikaangukia matope.

Najua sababu yake. Mkono wake ulikuwa na oili, na oili kwenye kioo kikavu huioni, mpaka ukungu upande. Najua. Kujua hakukunisaidia kitu.

Mama alikuja, akasimama kwenye mvua bila kitambaa kichwani, akaangalia. "Nyara," akaniambia, yaani binti yangu kwa Kijaluo, "usifute."

Tangu siku hiyo mvua ikianza alikuwa anavuta kigoda chake mlangoni na kukaa. Kiganja kinatokea taratibu, jua likitoka kinayeyuka. Wakati mwingine nilimsikia anakisalimu. Madereva wa hoteli walikuwa wameniambia gari la kukaa nje liachiwe vioo wazi kidogo, lipumue, la sivyo litaota ukungu ndani. Mimi niliifunga kabisa. Viti vikaota ukungu wa kijani, nikawa navisugua kwa siki kila jua likitoka, harufu ikanikaa kwenye nywele. Ningefanyaje? Bila mvuke ule mama asingekuwa na cha kuangalia.

Na kiti cha dereva haikuruhusiwa kukigusa. Kaka alikuwa mrefu, alikuwa amekisogeza nyuma hadi mwisho. "Akirudi akute mahali pake," mama alisema. Kwa hiyo niliiwasha nikiwa nimekalia ukingoni, nimening'inia kwenye usukani, natafuta klachi kwa ncha ya kidole cha mguu. Kabla ya kufungua mlango nilikuwa napiga hodi. Sijui nilianza lini. Siku moja nilijikuta nimesimama pale na spana mkononi, nasubiri nikaribishwe. Nilijionea huruma, kisha nikamkasirikia yeye. Popote alipo, nilimtukana.

Miaka ikaenda. Betri nikabadilisha. Plagi, pampu, nyaya zilizoliwa na panya, tairi zilizopasuka kwa kusimama. Mwisho ekzosi ikaoza ikaanguka yenyewe, nikanunua nyingine Sirari, nzuri, haina kelele.

Masika ya mwaka jana kiganja hakikutokea.

Ukungu ulipanda vizuri tu, kioo kikawa cheupe kote. Mama akakaa kwenye kigoda chake. Mvua ikakatika, ikarudi kesho yake, na kesho kutwa, akakaa. Hakuna aliyekifuta. Nadhani oili nayo ina mwisho wake. Niliogopa kumwangalia mama usoni.

Baba mdogo akaja na wazee wake. Nikawaamkia shikamoo, nikaifunga betri. Nitasema nilichokuwa naomba: nilikuwa naomba ikatae. Nilikuwa nimechoka kumngoja kwa grisi. Nilitaka nikae chini nimlilie kaka yangu kama watu wengine wanavyolia ndugu zao.

Nikapiga funguo. Ikawaka hapo hapo, bila hata kukohoa.

"Haya," baba mdogo akasema, akaanza kuchukua fimbo yake.

"Ngoja," mama akasema.

Akaja akaweka mkono juu ya boneti, akainamisha kichwa, akasikiliza muda mrefu. "Ya mwanangu alikuwa anakohoa," akasema. "Nilikuwa namsikia tangu barabarani, nabandika maji ya ugali. Anafika maji yamechemka."

"Ni ekzosi, mama. Nimebadilisha ekzosi. Na plagi."

"Na betri."

"Na betri."

"Na pampu iliyolala."

"Na pampu, mama."

"Umefanya kazi, nyara. Gari hili linawaka." Akasema hili. Linawaka. Akaligonga boneti kidogo kwa kiganja kama unavyogonga mtungi kuusikiliza. "Hili ni lako. Lake limekufa." Kisha akamgeukia baba mdogo. "Shemeji, kakateni yago."

Baba mdogo akavua kofia. Injini ilikuwa bado inanguruma.

Mimi bado nilikuwa nimekalia ukingo wa kiti, nimeushika usukani. Mama akaniangalia miguu. "Sogeza kiti mbele. Utaumia mgongo."

Nikavuta kile chuma cha chini. Kiti hakikutikisika. Reli zilikuwa zimeshikana kwa kutu. Gari zima nililipaka grisi miaka yote hiyo, hapo tu sikuwahi kupagusa. Mama akazunguka, akafungua mlango wa pili, akapanda na magoti yake mabovu, akaweka mikono miwili kwenye mgongo wa kiti.

"Vuta," akasema, "mimi nasukuma."

Nikavuta, akasukuma, naye ameanza kulia na mimi nimeanza kulia, mpaka chuma kikalia kikaachia, na miguu yangu ikafika kwenye pedeli.