Kumi na Tano ya Kijaluo

"Achiel, ariyo, adek..." Sauti ya baba mdogo akihesabu nyuma ya blanketi bado naisikia vizuri, pole pole, kama mtu anayepanda mlima na mzigo.

Miaka ya tisini, kwake Migori, stoo ndiyo ilikuwa chumba cha giza. Blanketi mlangoni, balbu nyekundu, na mashine ya kukuzia picha juu ya meza ya jikoni. Akiwasha mwanga juu ya karatasi alihesabu mpaka kumi na tano, akazima. Saa hakuwa nayo. Mimi, niliyeishia darasa la nane, kazi yangu ilikuwa kusuuza picha na kuzianika kwa vibanio vya nguo, huku nikiota studio yangu yenye pazia la maua.

Asubuhi moja malaria ilikuwa imemlaza baba mdogo, akaja mama mmoja kutoka machimbo ya Osiri. Mumewe alikuwa amefukiwa shimoni akichimba dhahabu. Picha yake pekee ni ile baba mdogo alimpiga ya kipande, yaani kitambulisho, na negativu tulikuwa nayo kwenye mkebe.

"Tunamzika kesho," alisema. "Nataka uso wake ukae juu ya sanduku."

Karatasi kubwa zilibaki mbili.

"Ingia wewe," baba mdogo akaniambia kutoka kitandani. "Hesabu kumi na tano, basi."

Nikaingia. Moja, mbili, tatu, mpaka kumi na tano, nikazima. Kwenye dawa ya kusafishia picha akatoka mtu amepauka kama aliyemwagiwa unga.

Yule mama aliishika ile picha ikiwa bado mbichi, akaitazama sana. "Nyara, binti yangu, huyu ni mzungu. Wangu alikuwa mweusi tititi." Akacheka kidogo, halafu akajipangusa macho kwa leso.

Nikampelekea baba mdogo. Akauliza, "Ulihesabu kwa lugha gani?"

"Kiswahili."

"Kiswahili kinakimbia, nyathina mwanangu; karatasi haikushiba mwanga. Kumi na tano yangu ni ya Kijaluo. Wewe na shule yako."

Nikarudi stoo peke yangu, nikashusha blanketi, nikatoa karatasi ya mwisho. Achiel. Ariyo. Nilipofika ochiko, ile tisa, ulimi ulitaka kukimbia nikaushika. Apar gabich, kumi na tano. Nikazima, nikaizamisha karatasi kwenye dawa, nikainama kumngoja: nywele kwanza, halafu macho mawili, meusi.