Siku Baba Alishinda Sultan Hamud

Juzi nilikaribia kumpiga mjukuu wangu na mwiko. Alikuwa amekaa na mwenzake mbele ya televisheni wakiangalia bondia mmoja wa ng'ambo, bingwa ambaye hajawahi kupigwa, na huyo kijana wangu akatema maneno: "Huyo ni bure kabisa. Angalia watu aliowapiga. Ni wa kuokotwa!" Mwenzake akasema bingwa ni bingwa. "Bingwa wa nani? Hiyo rekodi imejaa wagonjwa!"

Nilikuwa jikoni nakoroga ndengu. Nikatoka na mwiko wangu, nikasimama kati yao na hiyo televisheni. "Na wewe, umewahi kupigana na nani?"

"Susu, toka hapo, hatuoni." Susu ndiyo nyanya kwa Kikamba.

Nilirudi jikoni lakini sikukaa. Nilizunguka jiko kama kuku anayetafuta pa kutagia. Maneno hayo si mapya kwangu. Niliyasikia nikiwa mtoto, tena yalisemwa juu ya baba yangu mzazi.

Wewe unayenisoma, vuta kiti. Ilikuwa Sultan Hamud, miaka ya sitini, Uhuru ukiwa bado unanuka upya. Baba alikuwa kwenye genge la reli, wale watu wa kubeba mataruma na kupiga nyundo juani, na wafanyakazi wa reli walikuwa na mashindano yao ya ngumi. Leo Nairobi, kesho Mombasa, na hakuwahi kurudi ameshindwa. Lakini hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kumwona ulingoni. Habari zilikuja kwa treni. Garimoshi likipunguza mwendo, mtu wa behewa la nyuma alitoa kichwa, akapiga kelele, "Ameshinda!" Mimi nikiwa natoka mtoni, kamba ya mtungi ikinikata paji la uso, nilikimbia hadi maji yananimwagikia mgongoni. Mama aliacha kinu na mchi, mahindi ya muthokoi yakabaki nusu kukobolewa, akapiga kigelegele kimoja kifupi kama mtu anayeona haya. Mchana huo chai ilikuwa na maziwa mengi.

Sasa hapo mjini palikuwa na fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza la duka, na baraza hilo ndilo lilikuwa bunge letu. Huyo fundi ndiye aliyemshonea baba kaptura ya ngumi, kwa kitambaa kile cha kung'aa cha kuwekwa ndani ya koti, na huyo huyo ndiye aliyempinga. "Mimi nashona tu," alisema. "Sijasema naamini. Ng'ombe wa mbali hana pembe fupi."

Siku moja akashuka abiria kutoka Nairobi, akaketi barazani kunywa soda, akasema alikuwepo kwenye pambano la mwisho. Wakamzunguka. Akasema hapakuwa na pambano. Mpinzani hakutokea. Baba alikaa ulingoni kwenye stuli na glavu zake tangu asubuhi hadi jua likainama, kisha refa akamwinua mkono.

Fundi aliacha kukanyaga cherehani. "Kumbe! Kumbe alishinda kweli! Hata mimi hushinda hapa kila siku na hakuna aliyenipa kombe!"

Jamani. Hilo neno lina sura mbili, unajua. Kushinda ni kumwangusha mtu, na kushinda ni kukaa mahali mpaka jioni. Baraza zima lilianguka kwa kicheko, na kicheko kikatembea mji mzima. Shuleni waliniuliza, "Baba yako ameshinda wapi leo? Chini ya mti?" Sokoni wanawake wakimsalimu mama, "Umeshindaje?", walitazamana wakabana midomo. Salamu ya watu wote ikawa mwiba wetu. Mama akaanza kwenda sokoni mapema kabla ya saa ya salamu hiyo. Mimi nililala nikigeuka, nikiamka nilijiuliza jambo moja tu: baba yangu ni bingwa, au ni mtu wa kuketi?

Fundi hakutosheka. Akasema Salama, mji wa jirani, kuna mchinjaji anayebeba nusu ya ng'ombe kwa bega moja, na huyo amesema atamfumua baba kama mshono. Wapigane siku ya mnada, mbele ya macho yetu. Baba akasema sawa, kwa sauti ya mtu anayeombwa chumvi.

Mama alikataa. "Heshima utaila na nini? Ukivunjwa mkono, hiyo nyundo ya reli nitaishika mimi?" Nyanya, mama yake baba, alikuwa akichambua kunde pale mlangoni, akasema bila kuinua kichwa, "Mwache. Jipu lisilotumbuliwa hupiga kelele zaidi."

Siku ya mnada ikafika. Vumbi, mbuzi wakilia, Wamasai na fimbo zao, harufu ya mandazi na ya kinyesi cha punda. Nyuma ya maduka walisimamisha nguzo nne za mkonge, wakazungusha kamba za kufungia mbuzi. Mwalimu wetu ndiye aliyekuwa refa kwa sababu ndiye aliyekuwa na filimbi. Alimfunga baba glavu, akakaza kwa fundo juu ya fundo, baba akaketi kwenye stuli na kaptura yake inayong'aa. Tukamngoja mchinjaji.

Basi la kwanza kutoka Salama likaja. Hayumo. La pili. Hayumo. Jua likapanda.

Mtu aliyefungwa glavu hana mikono, hiyo ulikuwa hujui. Hawezi kufukuza nzi, hawezi kujipangusa, hawezi kushika kikombe. Nikatumwa mimi. Nilipunga tawi usoni pake, nikamwekea kikombe cha bati mdomoni. Kikombe kikagonga meno yake, tik tik tik. Nikakishika kwa mikono miwili, bado kikagonga.

"Si wewe," baba akasema polepole. "Ni mimi."

"Asa, unaogopa?" Asa ndiyo tunavyomwita baba.

"Kila mara."

"Hata Nairobi?"

"Ya Nairobi ndiyo ilinitapisha. Waliniambia yule mtu alimvunja mwenzake taya." Akameza maji. "Wao wanasema hakuja. Mimi pale kwenye stuli nilijua hatakuja? Kila mlango ukifunguka nilijua ni yeye. Usimwambie mtu."

Nikamtazama baba yangu. Mguu wake ulikuwa ukicheza chini ya stuli peke yake kama mguu wa cherehani. Na hakuondoka. Watu walimpigia kelele aende akale, akakataa. Mwalimu alimwambia avue glavu apumzike, akasema, "Na akifika?" Wenye mbuzi waliuza, wakanunua, wakafunga safari. Yeye pale.

Jioni akashuka kwenye basi la Salama mama mmoja wa kuuza mayai, akasema mchinjaji yuko Salama buchani kwake, anapima nyama, na akiulizwa anasema tumbo linamsokota.

Kila mtu akamgeukia fundi. Wengine walishaanza kushika mbavu. Fundi akajikuna shingo, akasema, "Mimi bado sikubali. Mtu ambaye hakupigana, hakupigana." Hapo mmoja akamjibu, "Wewe ungekaa hapo hata kwa muda wa kula chapati?" Mwingine akasema kukaa si kazi, hata jiwe hukaa. Wakaanza. Mwalimu akapiga filimbi, hakuna aliyesikia. Mabishano hayo hayakuisha siku hiyo wala mwaka huo. Mji uligawanyika, baraza hili linasema bingwa, baraza lile linasema mkaaji. Nyumba nyingine hazikualikana arusi.

Na mimi nilikuwa na jibu tumboni. Nikipita pale barazani na mtungi, nikimsikia fundi, ulimi uliniwasha kama umeguswa na upupu. Ningesema neno moja, mdomo wake ungefungwa. Lakini baba alisema usimwambie mtu. Nikapita. Nikakua, nikaolewa, nikazaa, na kila nikirudi nyumbani nilimkuta fundi anapinga, nikapita.

Baba alipokufa, tulipomaliza mazishi, nilitoka na kanga yangu ya kilio moja kwa moja hadi kwa fundi. Alikuwa mzee, uzi haumwingii tena sindanoni. Nikamwambia yote: kikombe, meno, mguu, Nairobi.

Akauliza: "Alitetemeka?"

"Alitetemeka."

"Na akakaa." Akapapasa cherehani. "Binti yangu, kwa nini hakusema? Ningenyamaza miaka yote hii."

"Angesema, ungemcheka."

"Ningemcheka," akasema. "Hapo siwezi kukudanganya."

Nilidhani nitarudi nyumbani nimetulia. Sikutulia. Fundi aliacha kubisha, na alipoacha yeye, wengine hawakuwa na wa kubishana naye, wakaanza kuzungumzia mvua na bei ya mahindi. Mwaka haukuzunguka, naye akazikwa. Siku hizi pale barazani wanauza simu na vifuniko vya simu, vijana wameinamisha vichwa, hakuna anayejua kwamba nyuma ya duka hilo kulisimama nguzo nne za mkonge. Waliosema baba alikuwa bingwa wako chini ya udongo. Waliosema alikuwa bure wako hapo hapo kando yao. Mimi ndiye nimebaki, na mtu mmoja hawezi kubishana peke yake.

Ningempata mtu mmoja tu Sultan Hamud nzima, hata awe mlevi, wa kuniambia kwa mdomo wake kwamba baba yangu hakuwa kitu, ningemwekea kiti, nimpe chai ya maziwa, tuanze.