Tangazo la Msiba wa Belarus

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumanne, simu ya mwenzangu, mwanamke wa Belarus, iliita tukikunja mashuka katika nyumba ya kulelea wazee, Thornton Heath, kusini mwa London. Alisikiliza, akajibu neno moja, akaendelea kukunja. Baadaye kidogo akaniambia mama yake amefariki.

Tulizoeana kwa sababu ya vitabu. Nimejisomea kwa miaka historia ya nchi yake, nchi isiyo na bahari, iliyotawaliwa kwa zamu na Walithuania, Wapolandi na Warusi, kisha ikaingiliwa na Wajerumani waliochoma vijiji pamoja na watu wake. Nilisoma pia habari za uchaguzi wa 2020, umati barabarani na magereza yaliyofuata.  Siku moja tu yeye mwenyewe alinieleza kwamba mwaka ule alisimama nje ya ubalozi wao hapa London, ameshika bendera nyeupe yenye mstari mwekundu, ile ya wapinzani ambayo kwao mtu hufungwa kwa kuishika, kofia ameishusha hadi machoni.

"Kule wanaojua ninapoishi ni mama na kaka yangu," alisema. "Basi."

Sasa alitaka kwenda kumzika. Angefika Vilnius, nchi jirani ya Lithuania, kwa ndege, avuke mpaka kwa basi, kimyakimya, kisha arudi. Pasipoti yake ilikaribia kuisha, na balozi zao hazitoi tena mpya. Asipokwenda safari hii, hangekwenda tena.

Mpishi wetu ni dada wa Moshi, na kwetu mfiwa haachwi peke yake. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amefungua grupu la michango, amemkatia tiketi ya ndege na kutengeneza tangazo: picha ya mwenzetu akitabasamu, jina kamili, kijiji cha marehemu, siku ya kusafiri. Aliandika kwa Kiingereza ili wazungu nao wachange. Nilipoingia jikoni lilikuwa limeshafika Facebook, na watu nisiowajua wanalisambaza.

"Dada, umeweka hadi siku anayosafiri?"

"Sasa kaka, watachangaje bila kujua anaondoka lini? Hebu acha mambo yako ya vitabu. Huyu kafiwa, hajaiba."

"Ulimuuliza?"

"Mfiwa anaulizwa?"

Nilimweleza kuhusu ile bendera. Mwiko ulibaki hewani. Akafuta tangazo mwenyewe, kisha akawapigia simu mmoja mmoja wengine walifute. Nakala nyingine hatukujua ziko kwa nani. Mwenye picha hakugomba. Aliitazama, akasema imetoka vizuri.

Alhamisi kaka yake alipiga. Wanaume wawili walikuwa wamefika nyumbani, marehemu akiwa bado sebuleni. Walivua viatu mlangoni. Walitoa pole. Kisha wakauliza dada yake atashukia kituo gani cha basi, wakampokee. Hawakusema wametoka wapi, wala kaka hakuthubutu kuuliza.

"Wanaijua siku," mwenzangu aliniambia, sauti chini kana kwamba wanaume wale walikuwa koridoni kwetu.

"Utafanyaje?"

"Nimemwambia kaka asinisubiri."

Siku ya safari alikuja kazini na sare yake. Mpishi alimletea chai, akaketi kando yake, mikono mapajani. Ndege iliondoka bila yeye. Tiketi ilikuwa ya bei nafuu, ya zile zisizorudishiwa fedha. Zilipotea pauni mia mbili na kumi na nne.