Kilichomfunga Violet Mafinga

Violet Kalinga alirudi Mafinga kwa wiki mbili. Ndivyo alivyomwambia mwajiri wake wa Mbeya, na ndivyo alivyoamini mwenyewe alipofunga begi dogo na kumwachia vyombo vyake Tumpe, rafiki aliyekuwa amepanga naye nyumba Mwanjelwa. Mashine ya randa ilikuwa imemkata baba yake vidole vitatu vya mkono wa kulia. Mama alishafariki zamani. Kaka mmoja yuko Songea na familia yake, mwingine habari zake zinasikika kwa watu tu. Nani mwingine angekwenda?

Mzee Gerson Kalinga alikuwa fundi wa vitanda na makabati anayefahamika. Lakini Mafinga mbao si shida. Ukifungua dirisha asubuhi unanusa paina mbichi, na malori ya magogo yanakupita ukiwa bado hujanawa uso. Mafundi nao ni wengi vilevile, na mzee mwenye mkono mmoja tu mzima hawezi kushindana nao kwa kutafuta wateja mtaani. Violet alikuwa amesomea kompyuta chuoni, akaitengenezea karakana tovuti. Kurasa chache tu: picha za vitanda, vipimo, aina za mbao, namba ya simu. Akaisajili kwa jina la ukoo. Oda zikaanza kuja kutoka Iringa, kutoka Mbeya, hata Dodoma. Justine, fundi kijana aliyetoka Usangu na kuwaacha ndugu zake na ng'ombe, akashika mashine. Mzee akawa wa kusimamia na kuelekeza. Wiki mbili zikawa mwaka, na mwaka ukazaa mingine.

Kazi iliyomkalia Violet zaidi ilikuwa cheti cha tovuti. Bila cheti cha usalama, simu ya mteja haina njia ya kujua kwamba tovuti iliyofunguka ndiyo yenyewe na kwamba hakuna anayechungulia katikati. Kampuni iliyowapangisha nafasi ya kuweka kurasa zao ilikuwa ndogo, vyeti haikutoa. Liko shirika linalovitoa bure, ila cheti chake kinaisha muda baada ya miezi mitatu. Basi kila kilipokaribia kuisha, Violet alikaa na kompyuta kwenye benchi la kupigia msasa, akaomba kipya, akapewa mlolongo wa herufi zisizosomeka auweke kwenye tovuti kuthibitisha kuwa ni yake, kisha akapokea cheti na kukibandika mahali pake. Haikuwa kazi kubwa. Lakini pale nyumbani hakuna mwingine aliyeiweza.

Mara moja kilimwishia. Alikuwa Nyololo kwenye msiba wa shangazi yake, na kwenye msiba nani anakumbuka kompyuta? Siku hizohizo Sista Verediana, mlezi wa bweni la wasichana Mlandege, Iringa, akataka kuchagua vitanda. Simu yake ikamletea onyo jekundu kwamba mahali hapo si salama na huenda wezi wanajaribu kuchukua taarifa zake. Sista akapiga simu karakana. Akamuuliza Mzee Gerson, kwa upole kabisa, kama kuna matapeli wanaotumia jina lake.

Violet aliporudi, baba yake hakufoka. Alimsubiri ale kwanza, kisha akasema, "Umeona. Ukitoka siku mbili tatu, tunaitwa wezi."

Violet alirekebisha cheti jioni ileile, na Sista akaleta oda yake. Lakini lile neno la baba halikurekebishika. Tumpe alipomwandikia kwamba kuna nafasi ya kazi Mbeya, Violet alijibu kwamba cheti kinaisha katikati ya mwezi, hawezi. Nafasi nyingine ilipotokea, alimdokezea baba yake. Mzee akamuuliza, "Na tovuti ataiangalia nani?" Violet akakubali kwamba kweli, ataiangalia nani. Akarudi kwenye benchi lake, huku Justine akipasua mbao na vumbi likimkalia kwenye nywele.

Tumpe ndiye aliyemweleza kwamba kifungo hicho hakikuwa cha lazima. Alimwambia hata cheti angeweza kukiomba akiwa Mbeya, tena kurasa zake hazina mambo mengi, ni picha na maneno. Zipo huduma zinazozipokea kurasa za namna hiyo bila malipo, zinatoa cheti na kukihuisha zenyewe. Kinachotakiwa ni kuhamisha kurasa na kulielekeza jina la tovuti huko. Violet akasema atafanya wikiendi. Wikiendi ikapita. Mvua zikaja zikaisha, akaendelea kuomba cheti kwa mkono kama zamani. Alijisemea kwamba anaogopa kuharibu. Ukweli, ambao hakumwambia mtu, ni kwamba siku tovuti itakapojilinda yenyewe, atalazimika kusimama mbele ya baba yake bila kisingizio, na baba yake mbele yake vivyo hivyo.

Mwezi wa sita mwaka huu, ukungu ukiwa umeukalia mji hadi karibu na mchana, Tumpe alipiga simu. Ofisini kwake wanatafuta mtu, aanze mwanzoni mwa mwezi.

"Sitakuambia tena, Violet," alisema. "Nimechoka kukuombea nafasi ambazo huzitaki."

Violet alikata simu, akawasha kompyuta. Siku hiyohiyo alihamisha kurasa zote, akaingia kwenye mipangilio ya jina la tovuti na kulielekeza kwenye makao mapya. Akasubiri. Yakaja majibu kwamba cheti hakiwezi kutolewa. Akajaribu tena kesho yake, majibu yaleyale. Alishtuka kujikuta anapata nafuu moyoni, kama mgonjwa aliyeambiwa asitoke kitandani. Nafuu hiyo ndiyo iliyomtia hasira. Alipitia mipangilio mstari kwa mstari hadi akauona mmoja wa zamani ambao bado ulikuwa unalielekeza jina kwa kampuni ya kwanza. Wahakiki wa cheti walikuwa wanaingia kwa njia hiyo na kukuta nyumba imehamwa. Akaufuta. Mchana akafungua tovuti kwa simu: alama ya kufuli ipo, onyo hakuna, na kwenye mipangilio imeandikwa kwamba cheti kitahuishwa chenyewe.

Akamwita Justine, akamwonyesha namna ya kubadilisha picha na bei. Justine alielewa haraka. Alipangusa mikono kwenye suruali, akauliza, "Unatuacha, dada?" Violet akasema hajui.

Baba yake alikuwa nyuma ya karakana, kwenye kijua kidogo kilichokuwa kimepenya. Violet alimweleza yote. Mzee akauliza simu za wateja atapokea nani. Violet akajibu, Justine. Vipimo je? Justine. Mzee akawa anautazama mkono wake.

"Mimi na hiyo tovuti hatujawahi kufahamiana," alisema mwishoni. "Nilikuwa naitaja kwa sababu ulikuwa unaikubali. Nisingeitaja, ningesema nini? Kwamba vifungo vya shati vinanishinda? Kwamba mkate siwezi kuukata? Hayo mtu anamwambiaje binti yake?"

Violet akakumbuka kwamba tangu arudi hajamwona baba yake na shati. Siku zote sweta, hata kwenye joto la Novemba, naye alidhani ni uzee na baridi ya Mafinga. Akakaa chini, kwenye rundo la mabanzi. Cheti kilikuwa na dawa. Hili hakujua alipeleke kwenye mipangilio ipi.

"Nenda, mwanangu," mzee akasema. "Sijakuzuia." Na wote wawili walijua kwamba maneno hayo yalikuwa yanamzuia kuliko yote yaliyotangulia.

Violet alimwandikia Tumpe aulize kama wanaweza kumsubiri kidogo. Hawakuweza, mtu mwingine aliajiriwa. Tumpe hakumlaumu, na kutomlaumu kwake kukamuuma. Sasa Violet anashinda karakanani akiwa hana kazi ya lazima hata moja. Tovuti inajiendesha, Justine anapokea simu, naye anafagia maranda ambayo yangeweza kufagiliwa na yeyote.

Jumapili moja, kabla ya misa, mzee alisimama mlangoni kwa Violet akiwa amevaa shati jeupe lililo wazi kifuani. Violet akaanza kumfunga vifungo kutoka chini, na alipofika katikati akamwambia, bila kuinua macho, kwamba mwezi wa kwanza anakwenda Mbeya, kazi iwepo au isiwepo, na kwamba kabla ya hapo watampigia simu kaka yake wa Songea, wazungumze wote watatu juu ya mkono.

Mzee aliinua kidevu ili Violet aifikie kola.

"Na hicho cha shingoni," alisema, "usikikaze sana."